Televisheni ya Lotfi

Sfax, Jumapili alasiri

Dada yangu mpendwa Raoudha,

Pokea salamu zangu, wewe na wanao huko Gabès. Natumaini kikohozi cha mdogo kimepoa. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini pilipili za harisa, ile rojo yetu kali, bado anatwanga mwenyewe.

Nakuandikia habari za Lotfi, aliyekuwa mume wako. Wiki aliyooa tena nilikuwa mkahawani mwake nakunywa kahawa. Akanitazama mbele ya wateja, akasema, "Mke wa kwanza ni kama televisheni ya zamani, shemeji. Unaiwasha, inakoroma tu." Watu wakacheka. Niliacha pesa ya kahawa mezani nikatoka, lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ufundi wangu wa vyombo vya umeme unaujua. Nilichukua kompyuta ndogo, kipande kisichozidi kidole gumba, nikaiandikia programu ya kutoa ishara ileile ambayo rimoti ya Lotfi hutoa kuzima televisheni ya mkahawani. Mara ya kwanza haikufanya kitu. Mwanga wa taa yake ya kutuma ishara hauonekani kwa macho matupu, basi nikaitazama kupitia kamera ya simu, nikaona haimetameti hata kidogo; waya mmoja niliuunga vibaya. Nikarekebisha, nikaificha ndani ya pakiti ya sigara.

Siku ya mechi nikarudi mkahawani, na timu yetu ilipopata penalti, mpigaji akirudi nyuma kuchukua mbio, nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Wiki tatu, kila mechi. Wateja wakahamia mkahawa wa ng'ambo ya barabara. Lotfi alibadilisha nyaya, akamwita shekhe asome dua. Dada, nilifurahi kuliko siku ya Idi.

Lililonishikisha kalamu ni hili. Lotfi alimshuku mzee Hamda, mhudumu wake wa miaka ishirini, kwamba amehongwa na mkahawa wa jirani. Alimvua aproni mbele ya watu, akamfukuza. Mimi nilikuwepo, mkono mfukoni, kidole juu ya kitufe, na sikusema neno. Siku nne sikusema.

Jana nilikwenda mkahawani, nikaizima televisheni wote wakiona, nikasema ni mimi, na sababu nikaitaja. Lotfi alikosa pa kutazama. Kisha nikamfuata mzee Hamda kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, "Mwanangu, ungempiga kofi yeye, ningekushikia koti." Akafunga mlango.

Kwa Lotfi sijuti. Kwa mzee Hamda sijui nianzie wapi, na wewe ndiye wa kwanza ninayemwambia hivyo.

Wabusu watoto. Mama anakuombea heri.

Ni mimi mdogo wako,
Nizar