Anayefungua Ukurasa Saa Nne Asubuhi

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Juu ya karakana ya fundi saa.
Jumatano, tarehe 14 Mei.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko? Kile kifua kinachokusumbua wakati wa baridi kimepoa, au bado unajitibu mwenyewe kwa ubishi? Unalala vya kutosha? Sisi huku hatujambo. Mama naye yupo, nitamfikia. Watu wakiandika barua husema hofu na mashaka ni kwako tu uliye mbali. Nami nasema hivyohivyo, ila safari hii nina maana ya mashaka hasa, na ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Naandika kwa karatasi kwa sababu mbili. Kwanza, namba yako ya simu uliibadilisha bila kumwambia mtu, na anwani hii nimeipata kwa Shangazi baada ya kumbembeleza siku mbili nzima. Pili, kwa wiki tatu hizi nimekuwa simwamini mtu wala kitu. Kamera ya kompyuta yangu nimeiziba kwa plasta ya kidonda. Neno la siri nimelibadilisha mara nne, na la nne nimelisahau mwenyewe.

Unaukumbuka mfumo wa kliniki ya macho, ule wa miadi na kadi za wagonjwa. Wewe ndiye uliyeuanza, ukinikalisha pembeni kwenye kiti cha miguu mitatu na nusu, ukinifundisha kuandika programu mstari kwa mstari na kunizomea nikikosea. Ulipoondoka miaka miwili iliyopita uliniachia mimi. Mwaka jana tuliuandika upya kwa kutumia kiunzi, yaani ile mifupa ya programu ambayo watu wengine wameshaijenga, wakaweka milango, makufuli na njia za kufika kwenye hifadhidata, lile ghala la taarifa zote, kazi yako ikabaki kuvika nyama. Kazi ya miezi sita niliimaliza kwa miezi miwili. Nilitembea kifua mbele ofisini, sikufichi.

Basi tangu wiki tatu zilizopita, kila siku ya kazi, ikifika saa nne na dakika tano asubuhi, mfumo unakwama. Hauzimi, unakwama tu. Karani wa mapokezi anabonyeza jina la mgonjwa, kiduara kinazunguka kwenye kioo, na kinazunguka. Mabenchi ya ukumbini yanajaa. Hawa ni wagonjwa wa macho, Kaka. Wameshatiwa dawa ya kupanua mboni, taa zinawachoma, wengine wameshikwa mkono na wajukuu zao, nao wanasubiri kiduara. Ikifika saa nne na nusu kila kitu kinarudi sawa, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Karani akanipigia simu siku ya tatu. “Dada, mashine yenu imegoma tena. Njoo uwaeleze wewe hawa watu, mimi nimechoka kutukanwa.” Siku ya nane akapiga Muuguzi Mkuu mwenyewe. Huyo hatukani, na ndiyo maana anatisha. Alisema hali hiyo ikifika mwisho wa mwezi, mfumo wetu unatoka na madaftari yanarudi.

Mimi nikajiambia: kitu kinachoharibika ovyoovyo ni ubovu, lakini kinachoharibika kwa saa kina mkono wa mtu. Nikaanza kutazama watu.

Hapa ofisini tuko watatu: mkuu wetu, mimi, na mwenzangu mpya tunayemwita Kimya, kwa sababu akisema maneno kumi kwa siku amehutubia. Kimya alikuja mwezi wa pili kutoka ofisi ileile iliyogombania kazi ya kliniki na sisi ikashindwa. Hilo peke yake lilinitosha. Tena kila siku, saa nne kasoro dakika mbili au na dakika mbili, anachukua simu yake, anatoka, anakwenda kwenye ngazi na kuzungumza kwa sauti ya chini akiwa amegeukia ukuta. Akirudi, mfumo umeshakwama. Nilinunua daftari dogo nikawa naandika: ametoka saa ngapi, amerudi saa ngapi, ana uso gani. Siku kumi mfululizo. Unanijua, nikishika jambo silitemi.

Nikaenda kwa mkuu na lile daftari langu. Mkuu alilisoma lote, akapangusa miwani, akasema Ijumaa hii, yaani keshokutwa, atamwachisha Kimya kazi. Nilitoka mle ndani najiona nimeokoa kliniki nzima.

Ila nilitaka ushahidi wa kumziba mdomo, ingawa mdomo wenyewe haufunguki. Kile kiunzi kina kifaa kidogo ambacho ukikiwasha kinakuonyesha, chini ya kila ukurasa, kwamba ukurasa huo umeuliza hifadhidata maswali mangapi. Nilikuwa sijawahi kukiwasha. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa nikijaribu kila kitu kwa wagonjwa thelathini wa kubuni: Shangazi nimempa mtoto wa jicho, wewe nimekupa makengeza, na kurasa zote zilifunguka kabla hujapepesa. Safari hii nikajaza wagonjwa elfu kumi na mbili, idadi ya kliniki yenyewe, kisha nikafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine.

Kurasa zote zilikuwa salama isipokuwa ule wako wa zamani, wa wagonjwa wote. Huo uliuliza maswali elfu kumi na mbili na moja. Kwanza uliuliza wagonjwa ni akina nani. Halafu kwa kila mgonjwa ukarudi tena kuuliza: na huyu miadi yake lini? Na huyu? Na huyu? Ni kama kumtuma mtu dukani mayai thelathini akayaleta moja moja. Kiunzi hakina kosa, ndivyo nilivyokiandikia. Ningeongeza mstari mmoja tu wa kukiambia kilete miadi yote kwa pamoja, kingefanya hivyo kwa maswali mawili. Nilisikia aibu, lakini sikutaka bado kumwachia Kimya. Kwa sababu pale kliniki hakuna anayeweza kufungua ukurasa huo. Karani anaona wagonjwa wa leo tu, hawazidi sitini. Nikauliza: basi nani anaufungua?

Jumatatu nikasoma kumbukumbu za seva, kule kila anayegonga mlango anakoandikwa.

Ukurasa unafunguliwa saa nne na dakika tano. Ule wako ulikuwa na tabia ya kujifungua upya kila sekunde kumi, nami niliuhamishia kwenye kiunzi na tabia yake, nikasema ni wa muda, nitauondoa. Unaijua kazi yetu, cha muda ndicho kinachodumu. Kwa hiyo maswali elfu kumi na mbili, kila sekunde kumi, kwa dakika ishirini na tano. Anayeufungua ametumia akaunti namba moja, ile ya kwanza kabisa, ambayo neno lake la siri wanalijua watu wawili duniani. Mmoja ni mimi.

Bado nilisema Kimya ameliiba. Shaka ikishakaa kichwani hukataa kuhama, hata ukiionyesha mlango. Nikaendelea kusoma ili nione mwizi anaiba nini. Haibi kitu. Ukurasa wa wagonjwa wote unaachwa wazi kwenye dirisha moja, na kwenye dirisha lingine inafunguliwa kadi ya mgonjwa mmoja, yuleyule kila siku. Namba 4417. Nikaifungua na mimi.

Ilikuwa ya Mama.

Wiki tatu zilizopita Mama alipasuliwa jicho la kulia. Tangu hapo anakwenda kliniki kila asubuhi ya kazi kupimwa presha ya jicho, na wauguzi huanza kuandika vipimo kwenye kadi saa nne. Mimi sikukuandikia habari hizo, sikuwa na anwani. Sasa najua nani alikuambia, na najua kwa nini Shangazi aliapa mara tatu kwamba hajui ulipo. Anayeapa mara moja labda anasema kweli, anayeapa mara tatu ana kitu kwenye upindo wa khanga.

Kwa hiyo nakuuliza, ni wewe? Usinijibu kwa mzaha na usinizungushe. Huko kwenu saa hiyo ni mapumziko yako ya kazi, nimepiga hesabu.

Kama ni wewe, basi jua hili. Mama amekaa kwenye lile benchi siku kumi na tano, macho yamejaa dawa, kitambaa usoni, akisubiri kiduara unachokizungusha wewe kwa kutaka kujua anaendeleaje. Na jirani zake wa benchi pia. Jioni moja aliniambia, “Huo mfumo wenu, mwanangu, una roho mbaya.” Nilicheka. Sikujua ninachokicheka.

Nalijua lililopita kati yenu. Alikuta begi limeshafika mlangoni ndipo akajua unaondoka, akakwambia usimpigie mpaka hasira zimwishe. Na wewe, kwa kuwa ni mtu wa programu, umekaa miaka miwili ukisubiri ujumbe wa kwamba hasira zimeisha. Mama hatumi ujumbe huo, Kaka. Hana sehemu ya kuubonyezea. Huwaambia majirani kwamba mwanawe amemsahau, kisha simu ikilia ndiye wa kwanza kuinuka.

Jana nilikwenda kwa mkuu nikamwambia ukweli, kwamba kosa ni la mstari wangu na mlango ni wa kaka yangu. Sikulala vizuri kabla ya hapo. Funguo zote za seva akaninyang'anya kwa miezi mitatu, akampa Kimya. Ni haki yangu, na imeniuma.

Kimya nilimwomba radhi. Aliniambia, “Nilikuwa najua. Daftari lako ulikuwa ukiliacha wazi mezani.” Siku zote hizo alikuwa akisoma habari zake mwenyewe! Nikamuuliza, sasa pale kwenye ngazi unaongea na nani kila siku? Akasema, “Na mama. Namuuliza kama amekunywa chai.” Basi. Maneno yake kumi ya siku yakawa yamekwisha.

Mchana tukatengeneza pamoja. Ule mstari mmoja tumeuweka. Kimya akaonyesha kwamba safu ya tarehe haikuwa na faharasa, hivyo kila swali lilipekua kadi zote tangu ya kwanza, tumeiwekea. Ukurasa wa wagonjwa wote tumeufuta kabisa, na kilichobaki kinajifungua mtu anapokiomba tu. Leo saa nne na dakika tano nilikuwa nimesimama mapokezi nimemshika Mama mkono. Karani alibonyeza jina, kadi ikaja papo hapo, akaniangalia kama nimefanya uchawi.

Na akaunti namba moja nimeifunga, ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kukabidhi funguo. Kadi za wagonjwa hazitazamwi na mtu asiye wa kliniki, hata awe na mapenzi kiasi gani. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, nikiwa kwenye kile kiti.

Daktari ameshasema neno lake kuhusu jicho. Nalijua, Mama analijua. Sikuandikii. Muulize mwenyewe.

Shangazi anakusalimu, ingawa nina hakika wewe unazo salamu zake mpya kuliko zangu. Mjomba anauliza kama bado unakoroma. Binti wa dada yetu ameanza shule na anataka kujua mjomba wake ana sura gani. Fundi saa wa hapa chini naye anasema saa uliyomwachia imepona tangu mwaka juzi. Kimya hajasema kitu, lakini nakupa salamu zake.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akutunzie hicho kifua, na akulegeze shingo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, hata ninapokushuku,
Kifaranga.

Nimefungua tena bahasha kuongeza hili. Kimya amenionyesha sasa hivi kumbukumbu za asubuhi. Kuna mtu amejaribu kuingia kwa akaunti iliyofungwa mara tisa. Namba ya simu ya Mama ni ileile, na ukiipiga huingia mara ya kwanza.