Mayowe ya Chumba cha Boila

Jumanne, 13 Oktoba 2009

Nina hasira, hata gumbo, ule mchuzi mzito wa mama, nimeiacha mezani. Kip, meneja wetu, katangaza kwamba Halloween hii, sikukuu ya kutishana, manowari yetu ya makumbusho hapa mtoni itakuwa "Meli ya Mizimu". Watu watalipa watishwe. Haya, watishwe jikoni, watishwe kwenye mizinga. Lakini yeye anataka chumba cha boila! Palepale kombora la topido lilipoingia mwaka 1944, vijana kumi na mmoja wakafia humo. Sisi waongozaji tukipita pale tunavua kofia, hatusemi neno mpaka tutokee mlango wa pili. Wageni nao wananyamaza bila kuambiwa.

Nilimwambia Kip. Akacheka.

"Dada Loretta, marehemu hawanunui tiketi."

Mshenzi.

Ijumaa, 16 Oktoba

Boila imemwagiwa rangi nyekundu. Mikono ya plastiki inaning'inia. Spika wamezificha nyuma ya mabomba — ukikanyaga kizingiti tu, mayowe. Wanaume wanalia, wanaita mama zao. Kip kanunua sauti hizo mtandaoni, bei chee, anajisifu. Nilitoka nje nikatema mate mtoni.

Na mzee Odell anakuja wiki ijayo. Katika mabaharia wa boila amebaki yeye tu. Kila Oktoba anashuka, anasimama mle kimya, kisha anapanda kupiga kengele ya kuwakumbuka wenzake. Nimemsihi Kip azime mitambo siku hiyo moja. Kaahidi. Ahadi ya Kip!

Jumanne, 20 Oktoba

Mzee Odell kapiga simu. Anauliza kama ngazi bado zinateleza. Nimemwambia nitamshika. Hayo mengine nimeyameza.

Jumamosi, 24 Oktoba

Hakuzima! Eti kasahau. Nilimshusha mzee taratibu, mimi mbele, kofia zetu mkononi. Akakanyaga kizingiti — mayowe. Nilitamani sakafu inimeze. Kip akashuka mbio, akazima, akaomba radhi huku anatabasamu. Nilitaka kumzaba kibao.

Mzee alisimama tu, kiganja juu ya mlango wa chuma. Miaka yote sijamsikia akisema neno mle ndani. Leo kasema.

"Hawakupiga mayowe, mwanangu. Tuliamriwa tufunge mlango, meli isizame. Tukafunga. Wakawa wanagonga. Wakagonga mpaka asubuhi."

Kip akatoa simu yake mfukoni.

"Babu, walikuwa wanagongaje?"

"Kip, ondoka," nikasema.

Mzee ni kama hakutusikia. Alikunja ngumi. Nikamshika mkono, akautoa mkono wangu kwa upole, akaanza kugonga.

Nimeshindwa kusimama pale. Nimekaa ngazini naandika. Bado anagonga. Kip kamsogezea simu karibu na chuma, anarekodi, anamwomba arudie, safari hii polepole kidogo —