Besi Iliyozimwa

Shoga, acha unachofanya. Shemeji yako leo wamemuua akiwa hai.

Si unajua anapiga gitaa la besi kwenye bendi ya kaka yake? Na ninavyomtania tangu avae vifaa vya kumsaidia kusikia, kwamba sasa tutamsengenyea wapi.

Basi leo harusini, katikati ya wimbo, waya wa gitaa lake ukachomoka ukaanguka chini. Nikaziba uso kwa aibu.

Besi ikaendelea kulia.

Nakwambia ikaendelea! Mume wangu akaondoa vidole kwenye nyuzi, akasimama kama mti, na besi inaunguruma ukumbi mzima.

Kumbe mpiga kinanda ndiye anayeipiga, kwa mkono wa kushoto.

Wimbo ulipoisha mume wangu akamfuata kaka yake. Kaka mtu akajibu bila hata kupepesa: "Yako inasikika kwenye hiyo spika ya miguuni kwako tu. Ukumbini tuliizima tangu uvae hivyo vidude. Tulikuwa tunakusitiri, mdogo wangu."

Kumsitiri! Mtu hajawahi kuambiwa amekosea hata noti moja, shoga. Na kila wakimaliza kaka huyohuyo anampiga bega, "Leo umetisha."

Tumefika nyumbani ndipo ananiuliza, taratibu tu: "Wewe unakaa ukumbini kila harusi. Ulikuwa unanisifia nini?"

Nilidhani ni yeye, haki ya Mungu. Lakini nimwambieje aniamini, wakati hata kaka yake alikuwa anamsifia?