Ubeti wa Tatu wa Spesi

Spesi, dada yangu,

Nimerudi Kigali tangu mwezi wa nane, lakini hadi leo sijafika kwenu Rebero. Nilikwenda mpaka pale barabara inapoanza kupanda, nikageuka nikarudi. Jirani yenu niliyekutana naye sokoni alianza kunieleza ulivyochukuliwa siku zile za mauaji. Hakumaliza, nami sikumwomba amalize.

Baa ya Gisimenti ulikokuwa ukiimba haina paa. Kibao nilichokuandikia bado kinaning'inia, kile cha "Spesi kila Jumamosi". Ulinicheka ukasema, "Anastazi, wewe chora watu, herufi waachie walimu." Basi nachora watu sasa. Nimepata vipande vitatu vya plaiwudi, na rangi ni mabaki ya vibao.

Ninachora wimbo wako wa mwisho, ule uliotuimbia uani kwenu alasiri ya Pasaka, kabla hujauimba mbele ya watu. Redio haikuwahi kuurekodi. Mpiga gita wako naye hayupo. Kati ya waliousikia nimebaki mimi tu, na unanijua: hata kanisani nikiimba watu hugeuka kutazama ni nani huyo.

Ubeti wa kwanza ninao: binti anapanda kilima kurudi kwao, mvua imemlowesha, viatu kavishika mkononi. Wa pili ninao pia: mama yake anamtandikia mkeka, anamwambia aketi, aseme kilichomrudisha. Katika wa tatu ndipo binti anapojibu. Na wa tatu, Spesi, sinao. Nilikuwa nimeshasimama, nainama chini ya benchi natafuta kiatu changu kimoja, maana asubuhi yake nilikuwa na safari ya Bujumbura kwa shangazi na sijafunga mzigo. Uliona, ukakatiza wimbo. "Nenda tu, utausikia ukirudi." Kisha ukaendelea kuwaimbia wenzetu, mimi nikiwa naelekea barabarani.

Kiatu! Nilikuwa natafuta kiatu.

Mama yako yu hai. Anakaa kwa binamu yake, kule Kibagabaga. Jumapili nilimpelekea picha zote tatu. Aliniambia siku ile ya Pasaka kichwa kilikuwa kinamuuma, akafunga dirisha ili asitusikie. Hakusikia hata neno. Picha ya kwanza ilimchekesha kidogo: "Ni yeye kabisa. Viatu vyake alivipenda kuliko miguu." Katika ya pili alijiona mwenyewe akitandika mkeka, akalia. Ya tatu aliishika muda mrefu. Mdomo wako nimeuchora nikaufuta sijui mara ngapi, na rangi ilikuwa bado mbichi. Aliugusa, kidole kikatoka chekundu.

"Hapa ananiambia nini?"

Ningeweza kutunga. Maneno mazuri yalikuwa yameshafika kwenye ulimi, na angeyaamini. Nikasema, "Sijui, Mama. Nilikuwa nimeondoka."

Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Alisema, "Imba basi beti unazozijua."

Nikaimba. Nikapoteza mahadhi, nikaanza upya, nikapotea tena palepale. Alikuwa amefumba macho. Akanishika mkono taratibu, "Inatosha, mwanangu. Sasa inakuwa sauti yako, si yake."

Ni kweli, Spesi. Tangu Jumapili sijashika brashi. Nikikutafuta ndani ya wimbo najisikia mimi tu, nakwaruza. Nikiuacha, utapotea. Nikiushika, nauharibu. Sijui nifanye nini, na wewe ndiye niliyekuwa nikimuuliza.

Ahadi niliyo nayo ni ndogo. Sitakutilia maneno mdomoni, hata mama yako akiniuliza tena, na najua ataniuliza. Kila Jumapili nitapanda Kibagabaga, nikae naye, tusijue pamoja.

Lala, dada. Unisamehe kwa kuondoka mapema.

Wako,
Anastazi