Neno la Bi Kimya

MAELEZO YA SHAHIDI, yametolewa kituoni mbele ya koplo wa zamu
Shahidi: Mama Kinanda, kama anavyoitwa kazini
Umri: miaka 51. Dini: Mkristo
Kazi: kutibu kwa muziki, makao ya wazee
Anapoishi: nyumba za nyuma ya kanisa

Mimi namwogopa Mungu, nitasema nilichoona tu. Nawaimbia wazee waliopoteza maneno. Mtu wa kiharusi huweza kushindwa kusema neno, lakini akaliimba. Naimba mstari, naacha neno la mwisho, mgonjwa analijaza.

Bi Kimya wa chumba namba sita hasemi kabisa. Wimbo wetu ni, "Hodi hodi mwenye nyumba, mlango..." Yeye hujaza, "nifungulie," huku akigonga meza kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulishakufa.

Wiki tatu zilizopita aliacha kugonga. Mikono ikawa chini ya blanketi muda wote. Akawa anaimba, "nifungue." Nikamtania, "Bibi wee, neno umelila nusu?" Nikamsahihisha. Akarudia vilevile, machozi yanamtoka. Nikasema moyoni, Bwana asifiwe, muziki umemgusa.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, Jumanne, saa nne na robo asubuhi, blanketi lilianguka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwenye kiti kwa bandeji. Ngozi imechubuka, vidole vimevimba.

Nikamwita muuguzi wa zamu. Akasema, "Anagonga meza kutwa, wenzake hawapumziki. Na aliyemfundisha kugonga ni wewe, mama."

Nikamwambia, "Mwanangu, huyu si ni mzazi wa mtu?"

"Basi mchukue ukakae naye."

Nilichukua mkasi kwenye sinia la muuguzi, nikaikata bandeji. Ndiyo hii niliyoileta. Kisha nikamwimbia Bi Kimya mstari wetu, nikaacha nafasi. Hakuijaza. Mpaka leo hajaijaza.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Masikio yangu yalikuwa yameambiwa wiki tatu kabla, Mungu anisamehe.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Koplo: Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali isipokuwa neno moja. Pale bibi alipokuwa akilia, mimi niliandika "nifungulie." Shahidi ameniomba nilikate, niandike "nifungue." Nimelikata. Ametia sahihi pembeni yake.