Chura Wangu na Sungura wa Shamba la Zablon

Jumatano, 20 Novemba 2024
Nimechimba shimo la nguzo pembeni mwa shamba la uwele. Jembe likagusa bonge. Kumbe chura! Mkubwa kama ngumi mbili, kajifunga ngozi kavu kama karatasi, macho kafumba. Yumo humo tangu mvua zilipokatika. Hali, hanywi, halalamiki. Hilda, mke wa mwanangu, eti mama mtupe huko, anatisha. Nikamwambia wewe bila chai siku moja unaumwa kichwa! Nimemfukia taratibu. Nimechomeka kijiti.

Jumanne, 26 Novemba
Manyunyu tu. Hata vumbi halijalala. Jirani Zablon kapanda mbegu yake yote! Mimi ninayo ya kopo moja tu. Ikiungua hiyo, mwakani hakuna ugali humu ndani. Sipandi mpaka chura atoke. Yeye anajua maji yamefika wapi ardhini. Zablon kachungulia uani, anacheka: Mama Gerson, bwana shamba yupo, wewe unamsikiliza chura? Nikamjibu chura haropoki. Hilda kanuna.

Jumatatu, 2 Desemba
Jua la kupasua mawe. Uwele wa Zablon ulifika urefu wa vidole viwili — sungura kaula! Uliobaki umenyauka. Sikucheka. Kidogo tu.
Nimemwona huyo sungura wa porini. Kalala wazi kwenye majani, hana shimo, hana mlango. Nilibakiza hatua tano ndipo akaruka. Zile mbio! Na watoto wake huzaliwa macho wazi, manyoya tayari. Gerson wangu alitembea akiwa na miaka miwili! Mwizi, lakini Mungu kamuumba akatulia. Hadithi zote zinamwita mjanja. Sawa. Ila yeye kiangazi anakikimbia, chura anakikalia. Mimi na magoti haya nitamfuata nani?

Alhamisi, 5 Desemba
Mvua! Tangu alfajiri hadi saa tatu. Naandikia shambani, nimekalia ndoo. Kijiti kimelala, udongo umepasuka. Hilda kakumbatia kopo: mama, tupande? Kichwa cha chura kimetoka. Jicho la dhahabu, mdomo mpana kama wa mtu aliyeshiba. Miezi yote hiyo — na bado mnene! Mwanaume huyu!
Zablon naye kaja. Shikamoo, mama. Leo ana heshima. Kashika jembe, mbegu hana. Hilda kaninong'oneza, kopo ni moja tu, mama.
Nimesikia.
Zablon, sogea, nimemwambia, unamzibia chura njia. Wote subirini. Miguu ya nyuma bado imo ardhini —