Chungu Ulichokitoa Kwenye Gunia

Mpendwa wifi yangu Mwanaidi,

Anayeandika ni mjukuu wangu wa kike, mimi nasema tu. Nimemkataza kuyalainisha maneno yangu, maana ungejua mara moja kwamba si mimi.

Nakumbuka uliporudi hapa Mwera kwa kaka yako baada ya talaka. Mkono wako wa kulia ulikuwa umeungua kwa uji, vidole vimejikunja havikunjuki. Ukasema unataka kufinyanga vyungu kama sisi. Mimi ndiye niliyekuwa fundi, na mimi ndiye niliyekwambia mbele ya watu kwamba mkono ule hauinui udongo, ukae nyumbani ulee watoto. Hukulia. Ulinitazama tu, nami nikajifanya nakoroga chai.

Kumbe ulikuwa unafikiri. Ukachukua kapu langu la ukindu, lile nililotoka nalo kwetu, ukashindilia udongo ndani kwa ngumi ya mkono huohuo. Udongo ulipokauka ukagoma kutoka. Ukalichana kapu vipande vipande, na chungu kikavunjika vilevile. Nilikutukana kutwa nzima. Lakini niliokota kigae kimoja nikakitazama: msuko wote wa ukindu umejichora juu yake. Miaka yote nachora vyungu kwa kipande cha kifuu, sijawahi kupata kitu kama kile. Sikukwambia.

Ukajaribu kupaka kapu jingine majivu ili udongo usigande, alama zikafifia. Ukajaribu pakacha, ukapata mistari minene kama mbavu za punda. Mwisho ukatandika gunia la katani ndani ya chungu changu kikuukuu chenye mdomo mpana, ukashindilia udongo juu yake. Kesho yake ukashika pindo za gunia, ukakivuta chungu kizima kama mkunga, ukalibandua gunia taratibu, alama zake zikabaki. Mwenzetu mmoja akauliza kama chungu kimeota upele. Ukamjibu kwamba hiki hakitaponyoka mikononi kama chake kilivyomponyoka kisimani. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Ulipofikisha vyungu vitatu, kabla ya kuchoma ukaniambia, "Wifi, vikipasuka vyote vitatu, udongo siugusi tena." Hukuwa unatania. Moto wa makumbi ya nazi ulipokufa, viwili vilikuwa vigae. Cha tatu nilikitoa mwenyewe, nikakigonga, kikalia vizuri. Nikakijaza maji, tukakaa kukitazama mpaka adhuhuri. Hakikuvuja hata tone. Nami, pamoja na ulimi wangu wote huu, nikasema tu, "Kitafaa."

Neno moja, tena kavu. Linaniuma hadi leo.

Tangu uolewe Mkwaja, wanawake hapa wanafinyanga kwenye magunia, na wageni wananisifu mimi kwa vyungu vile. Nilinyamaza muda mrefu, sifa ni tamu. Juzi kwenye machimbo ya udongo nimewaambia wote kwamba fundi wa vyungu hivi ni Mwanaidi, na aliyemwambia akae nyumbani ni mimi. Hakuna aliyecheka. Wakaanza kuniuliza unafanyaje mdomo wa chungu usipasuke ukivutwa. Sijui. Vyangu vinapasuka.

Njoo utufundishe, mimi nikiwa wa kwanza. Msalimie mumeo, umwambie akuachie wiki mbili. Akikataa nitakuja kumwambia mwenyewe. Udongo nitakubebea mimi.

Wifi yako aliyekosea,
mke wa kaka yako